Trela ya Farasi Yaweza Kuwa Chumba, Lakini Tazama Mlango Kwanza



Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hili ni kweli kwa nyumba ya mawe au ya udongo. Kwa trela ya farasi mimi nalipinga, na sababu zangu ni hizi.

Mkulima mwenye viazi shambani hujua taabu ya majuma ya kuvuna. Magunia yamepangwa ukingoni mwa shamba, nyumba iko mbali, na mlinzi analala chini ya karatasi ya nailoni. Mkulima huyo akipata trela kuukuu iliyokuwa ya kuchukulia farasi, yafaa aifanye chumba. Wengine watamcheka na kusema kwamba mtu hawezi kulala mahali pa mnyama. Lakini aibu iko wapi? Mwaka 1962, Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza na mashamba makubwa ya Wazungu yakagawanywa, wazee wetu waliohamia Kinangop walianza kwa vibanda. Chumba cha muda hakimwondolei mtu heshima.

Aibu ni kumlaza mtu mahali ambapo hawezi kutoka.

Basi tazama mlango. Trela ya farasi ilitengenezwa ili mnyama asitoke njiani. Ule mlango mkubwa wa nyuma, ambao hushushwa na kuwa daraja la kupandia, hufungwa kwa komeo za nje. Mtu aliye ndani hawezi kuzifikia. Moto ukiwaka, au mtoto akizifunga kwa mchezo, mlinzi wako amenaswa. Mwite fundi wa kuchomelea, afanye komeo inayofunguka kwa mkono kutoka ndani, hata gizani. Ikiwa trela ina mlango mdogo wa ubavuni, huo nao ufunguke kutoka ndani. Milango miwili ni bora kuliko mmoja.

Jambo la pili ni hewa. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na usiku wa Julai baridi yake huuma mifupa. Mtu akisikia baridi huziba kila tundu kwa matambara, kisha huingiza jiko la makaa. Ndugu mkulima, hivyo ndivyo watu wanavyokufa usingizini. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa yaliyofifia na kufunikwa na majivu huendelea kuitoa. Toboa matundu mawili, moja chini upande mmoja na lingine juu upande wa pili, uyafunike kwa waya wa mbu, wala usiyazibe kamwe. Lakini usidhani kwamba matundu hayo yanaruhusu jiko. Jiko libaki nje siku zote. Baridi tutaizuia kwa blanketi na kwa ukuta wa ndani: pigilia mabanzi kwenye bati, kisha mbao nyembamba juu yake. Ukuta wa bati tupu hutoka jasho usiku kwa pumzi ya mtu, na godoro huloa. Kwa mwanga tumia taa ya jua, si koroboi.

Jambo la tatu ni sakafu. Mkojo wa farasi huozesha mbao na kula chuma. Ondoa mikeka ya mpira, osha kwa maji na sabuni, acha pakauke siku kadhaa, halafu choma kila ubao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, ubao huo umeoza. Toa, weka mbao ngumu yenye unene ule ule. Kisha ingia chini utazame vyuma vinavyobeba sakafu. Ukifunika uozo kwa zulia la plastiki, umemdanganya nani? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo la nne ni uzito. Farasi mkubwa huwa na kilo 500 hivi, kwa hiyo trela ya farasi wawili huchukua kama tani moja. Wengi hudhani basi waweza kupakia lolote. Sivyo. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200, ongeza kitanda, mbao na sanduku la vyombo. Soma kibao cha uzito kilichopigiliwa kwenye trela, wala usikipite. Vitu vizito vikae chini, karibu na magurudumu. Vikilundikwa nyuma, trela huyumba na yaweza kuliangusha gari linaloivuta. Mwaga maji kabla ya safari, na mtu asipande ndani inapovutwa. Ikifika shambani, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na nguzo imara katika pembe nne.

Ule ukuta wa katikati uliotenga farasi wawili usiukate mpaka fundi ahakikishe kwamba haushikilii paa. Kitanda chaweza kuwa cha futi 6 kwa mbili na nusu, chenye bawaba, kikunjwe ukutani mchana.

Wengi wetu huanza na kitanda, pazia na rangi, kwa sababu ndivyo jirani huona. Shauri langu ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye komeo, ya pili kwenye matundu, ya tatu kwenye sakafu. Rangi itangoja mavuno mengine.

Na kazi ikiisha, lala humo wewe mwenyewe usiku mmoja, milango imefungwa, kabla hujampa mlinzi ufunguo. Ukiona huwezi kumlaza mwanao humo, usimlaze mtoto wa mwenzio.