Nyayo za Wazee wa Makonde

BARAZANI NEWALA
Na Salum Chitanda

Aghalabu mzee wa Newala au Masasi aendapo zahanati kushitakia nyayo zake, huambiwa kwa upole kwamba huo ni uzee, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani. Nami jawabu hilo, japo hutolewa kwa huruma, nalihesabu kuwa ni dhuluma.

Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alistaajabia watu kuishi juu ya uwanda usio na maji. Na bibi zetu waliozaliwa kabla ya mabomba waliyafuata maji hayo mabondeni, wakateremka na kupanda magenge wakiwa peku na mitungi vichwani, tangu usichana hata wakapata wajukuu. Wayo una mifupa 26, na chini ya kisigino mna tabaka la mafuta ambalo hupungua kadiri umri uendavyo, hata aliyechukua mizigo maisha yake yote akawa kama akanyagaye mfupa mtupu. Kisigino kikichoma kwa hatua za mwanzo za alfajiri, kisha kikatulia, kilichoumia aghalabu ni ule ukano mpana wa chini ya wayo, nao wataka kunyooshwa taratibu, na kiatu chenye soli nene, si kandambili iliyolika upande.

Jongo lina desturi nyingine: hushuka ghafla usiku, kidole gumba kikavimba kisistahimili hata shuka. Naye mvuta tumbaku ambaye vigimbi humkaza akitembea na kumwachia akisimama, huyo mishipa yake ya damu imesonga.

Walakini ninayemchelea zaidi ni mzee asiyelalamika kabisa. Kisukari huziua hisia za wayo, kama ukoma ulivyowafanyia wengi waliotunzwa na watawa wa Ndanda; basi mzee huyo, akiokota korosho Oktoba hata Disemba, huchomwa na kijiti asijue, na jeraha likaja kujulikana kwa harufu. Huyo apimwe sukari, na kila jioni mjukuu mwenye macho mazima amtazame nyayo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, jambo jema. Ila kumvua mzee viatu, kumbonyeza wayo na kumwuliza maumivu huja saa ngapi, hakukungoja sera. Nawaomba waganga wetu, kabla mikorosho haijaanza kuangusha, wafanye hivyo kwa kila mzee aingiaye, hata aliyekuja kwa kikohozi.