"Nimetuma kama nilivyopokea" si utetezi

Saa tano usiku, sauti ya mtu asiyejulikana inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: watoto wanaibwa kwa gari jeupe, sambaza uokoe maisha. Juu yake ipo mishale miwili, alama kwamba ujumbe umekwishapita mikono mitano au zaidi. Aliyeuleta ameandika, "Nimetuma kama nilivyopokea." Kabla ya usiku wa manane umeshafika kwa wanakwaya na kwa wazazi wa shule.

Ujumbe wa namna hiyo uliua watu India mwaka 2018. Wapita njia, wengine wakiwa wageni tu waliopotea njia, walipigwa na umati hadi wakafa. Ndipo WhatsApp ikaweka kikomo cha kusambaza kwa mazungumzo matano kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliosambazwa mno ukazuiwa kwenda zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja, na kampuni yenyewe ikatangaza kuwa usambazaji wake ulishuka kwa asilimia 70. Breki zilikuwapo, basi. Zilisubiri maiti.

Facebook nayo, kuanzia 2017, iliipa alama ya hasira uzito mara tano ya ule wa "napenda" katika kuamua nani aone nini. Chuki ilipandishwa juu kwa hesabu za ofisini. Kampuni hizi zina hatia, na tunalisema hilo bila kumung'unya maneno.

Lakini hatia haiishii kwao. Watafiti wa MIT waliochunguza habari 126,000 zilizoenea Twitter walieleza mwaka 2018 kwamba ukweli ulichukua muda mara sita ya uongo kuwafikia watu 1,500, na waliofanya tofauti hiyo ni binadamu, si roboti.

Hatuombi jela. Tumeona jinsi sheria za mtandao zinavyoweza kumgeukia mkosoaji na mwandishi. Tunachodai kiko mikononi mwa kila mwenye simu: usiyeweza kusema habari umeitoa wapi, usiitume. Admini aufute uvumi hata kama umeletwa na mjomba, na heshima ya mjomba isiwe kinga. Naye aliyekwisha kuusambaza arudi kwenye makundi yaleyale, aandike kwa jina lake kwamba alichotuma hakikuwa kweli.