Kila Kitu Kimekwisha Lipiwa

Askari aliyekaa kambini anaijua hali ya kulala, kula na kuburudika mahali pamoja pasipo kutia mkono mfukoni kila saa. Tarumbeta hulia, mesi hufunguliwa, naye hupanga foleni na sahani yake. Hesabu ya chakula hicho imekwisha fanywa na watu wengine, mahali pengine. Hali hiyo hiyo, ikiongezewa jua, mchanga na bwawa la kuogelea, hununuliwa kila mwaka na mamilioni ya wafanyakazi wa Uingereza, Ujerumani na nchi nyinginezo za kaskazini ya Ulaya. Sisi tutaiita likizo ya yote-ndani. Juma hili ukurasa wa jamaa unapenda kuieleza biashara hiyo, kwani yamo ndani yake mambo yanayompasa kuyajua kila mwenye kutoa fedha ya nyumba kabla ya kukiona kitu anachokilipia.

Tuchukue mfano wa Mallorca, kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Mediteranea. Ndicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Baleari, na mji wake mkuu ni Palma. Wakazi wa visiwa hivyo vyote wanapata kama milioni moja na laki mbili, lakini mwaka 2023 walipokea wageni zaidi ya milioni 17. Mgeni wa yote-ndani hulipa bei moja kwa wakala wa safari angali kwao. Kwa kawaida bei hiyo hubeba tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, gari la kumpokea, chumba, milo mitatu na vinywaji vya kienyeji. Afikapo hotelini hufungwa kikuku cha plastiki mkononi. Kikuku hicho ndicho cheti chake: mwenye nacho hupewa, asiye nacho huulizwa.

Wengi hudhani kwamba jambo hili lilibuniwa na matajiri kwa ajili ya matajiri, kumbe lilianzia chini ya mahema ya jeshi. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, mchezaji hodari wa mpira wa majini, ambaye baada ya vita alikuwa amewahudumia watu walionusurika katika kambi za mateso, alianzisha chama cha mapumziko kiitwacho Club Méditerranée. Kijiji chake cha kwanza alikifungua kiangazi cha mwaka huo huo huko Alcúdia, kaskazini ya Mallorca. Hakikuwa na kuta. Wageni walilala katika mahema yaliyobaki ya jeshi la Marekani, yaliyopatikana kwa jamaa ya Trigano, wafanya biashara ya mahema huko Ufaransa; na Gilbert Trigano wa jamaa hiyo baadaye akawa mkuu wa shirika lenyewe. Chakula na michezo vilikuwamo katika bei. Miaka ilipopita, ili mtu asihangaike na pochi hali amevaa nguo ya kuogelea, vinywaji vya ziada vikawa vinalipwa kwa shanga alizozivaa. Wazee wetu, ambao walinunua na kuuza kwa shanga kabla rupia haijafika, wangalicheka sana.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 1950, kijana mmoja wa London, Vladimir Raitz, mzaliwa wa Moscow, alipeleka abiria wake wa kwanza Calvi katika kisiwa cha Corsica. Ndege ilikuwa Dakota, ile ile iliyobeba majeshi katika Vita Kuu ya Pili. Alitoza pauni 32 na shilingi 10 kwa ndege, hema na milo yenye nyama mara mbili kwa siku, wakati ambapo tiketi ya kawaida ya ndege ya kwenda na kurudi Nice ilikuwa karibu pauni 70. Serikali ilimpa kibali kwa sharti kwamba abiria wake wawe walimu na wanafunzi tu. Tukumbuke kwamba nchini Uingereza nyama iliendelea kugawiwa kwa kadi mpaka mwaka 1954. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu vipande vya nyama kwa juma, kujua kwamba nyama ya kesho ipo na imekwisha lipiwa kulikuwa raha ambayo pengine hata bahari haikuishinda.

Mallorca ya zamani ilikuwa nchi ya wakulima wa lozi, zeituni na tini. Matuta ya mawe waliyoyajenga katika milima ya Tramuntana yangalipo, na mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ardhi ya ndani ndiyo iliyohesabiwa kuwa mali. Ile ya ufukoni, yenye mchanga na chumvi, haikuzaa kitu. Wazee wa visiwa hivyo hupenda kusimulia jinsi baba alivyokuwa akimrithisha mwana mkubwa mashamba mazuri, na kuwaachia mabinti na wadogo vipande vya pwani visivyofaa. Kisha katika miaka ya 1960 zikaja ndege za jeti, zikaja na hoteli za ghorofa, na waliopewa mchanga wakaamka matajiri. Wasomaji wetu wenye mashamba ya kugawa watajua wenyewe la kufanya na hadithi hiyo.

Ujenzi ulikwenda mbio hata Wafaransa wakatunga neno, lililotokana na jina la visiwa hivyo, kwa maana ya pwani iliyozibwa kwa saruji. Hoteli yenye vitanda mia tano haina budi kuvijaza, na tangu miaka ya 1990 bei ya yote-ndani ilienea Mallorca kuwa njia mojawapo ya kuvijaza. Wakala mkubwa huagiza vyumba mamia kwa mamia, miezi mingi kabla ya msimu, na kumpa mwenye hoteli kiasi fulani kwa kila kichwa kwa kila usiku. Katika kiasi hicho mwenye hoteli atoe nyama, mkate, bia, umeme, maji na mishahara. Akibanwa bei, kitanda hawezi kukipunguza. Atapunguza kilicho juu ya sahani, au watu walioko jikoni.

Wako wanaowacheka watu wa vikuku, wakisema kwamba wamesafiri mbali bila ya kuona nchi. Sisi hatukubaliani nao. Dereva wa basi mwenye watoto watatu hufanya hesabu yake mwezi wa Januari, akajua tangu siku hiyo kwamba kiangazi kitamgharimu kiasi hiki wala si zaidi. Nje ya hoteli, kila mtoto atakapo aiskrimu ni tundu jipya mfukoni. Ndani, mtoto hutaka atakavyo na baba hutabasamu. Na mama ambaye mwaka mzima ameamka na swali la nini kitapikwa leo, akipata siku saba za kutoliuliza, amepumzika kweli. Mwenye kudharau hayo hajalea watoto kwa mshahara wa mwezi.

Lakini na tutoke nje ya lango. Kila aliyeishi karibu na kambi anajua kwamba pale nje pana maisha: muuza mandazi, fundi viatu, kinyozi, mama wa chai, na duka linalokopesha hadi mwisho wa mwezi. Mshahara wa askari ukitoka langoni huzunguka mtaa mzima. Sasa fikiri kambi ambayo watu wake hawana haja ya kutoka. Hicho ndicho kilio cha wenye mikahawa na maduka madogo huko Mallorca. Mgeni hana sababu ya kununua kahawa ng'ambo ya barabara wakati kahawa ya bure inamngoja, na hiyo bure aliilipia Manchester au Düsseldorf. Mwenye mkahawa analipa pango lake, anawaona watu mia kwa mia wakipita na taulo mabegani, na jioni anahesabu vikombe vichache. Maji, barabara na majalala ya kisiwa hutumiwa na wageni wote sawasawa. Fedha ya mgeni huyu imebaki kwa sehemu kubwa kule ilikolipwa. Mwezi wa Mei na wa Julai 2024 maelfu ya wananchi waliandamana mjini Palma wakitaka utalii upunguzwe. Hasira yao haikuwa juu ya vikuku peke yake, kwa maana kodi za nyumba zilizopanda ndizo zilizowauma zaidi; lakini nyumba zilipanda kwa sababu ya wageni hao hao.

Ndani ya lango nako wapo wasioonekana. Wanawake wanaotandika vitanda na kusafisha vyumba hotelini nchini Hispania wamejiunga wakajiita Las Kellys, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kihispania yenye maana ya wale wanaosafisha. Mwanamke mmoja huweza kupewa vyumba ishirini katika zamu moja. Askari kuruta hutandika kitanda chake kimoja asubuhi, akakaguliwa, akajisifu. Na tumfikirie basi anayevitandika arobaini, kila kimoja akiinama na kulinyanyua godoro, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2022 Bunge la visiwa vya Baleari lilitunga sheria ya utalii inayozitaka hoteli ziweke vitanda vinavyoweza kuinuliwa, ili kuiokoa migongo ya wanawake hao. Kwa maoni yetu hiyo ni sheria ya busara kuliko nyingi zilizotungwa kwa ajili ya watalii wenyewe.

Jambo la kinywaji litawahusu zaidi ndugu zetu wa polisi. Kijana akiambiwa kwamba amekwisha kulipia pombe ya siku nzima, huona kwamba kuacha glasi ni kupoteza mali. Magaluf, mji mdogo karibu na Palma, ulipata sifa mbaya kwa fujo za usiku na kwa vijana wanaoruka kutoka roshani hadi bwawani, wengine wakafa. Mwezi wa Agosti 2015 polisi wawili wa Uingereza, wakiwa na sare zao, waliletwa kuzunguka pamoja na polisi wenyeji ili waseme na vijana wa kwao kwa lugha wanayoielewa. Januari 2020 serikali ya visiwa ilitoa amri kali: katika maeneo yaliyotajwa ya Mallorca na Ibiza, mgeni wa yote-ndani asipewe zaidi ya vinywaji vitatu vya pombe wakati wa chakula cha mchana na vitatu wakati wa chakula cha jioni, na mwenye kuruka roshani afukuzwe hotelini.

Ulikuwako pia ujanja mwingine. Mgeni anayekula katika jiko moja tu kwa siku zote akisema kwamba tumbo limemwuma, nani atathibitisha kwamba alikula kwingine? Kwa hoja hiyo madai ya fidia kutoka Uingereza yaliongezeka ghafla, hata wenye hoteli wa Mallorca wakapiga kelele. Oktoba 2017 mahakama ya Liverpool iliwafunga mwanamume mmoja miezi 15 na mwanamke aliyeishi naye miezi 9, kwa kudai uongo kwamba wao na watoto waliugua katika likizo zao za Mallorca za mwaka 2015 na 2016. Walitaka karibu pauni 20,000. Kilichowaumbua ni maneno na picha walizozitangaza wenyewe wakati wa likizo, wakionekana wazima na wenye furaha. Mpelelezi hakuhitaji kwenda mbali.

Tena kuna hatari ya yule aliyekabidhiwa fedha. Thomas Cook, jina lililojulikana katika safari tangu mwaka 1841, lilianguka usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 2019. Waingereza wapatao 150,000 walikuwa ng'ambo siku hiyo. Kwa kuwa sheria yao inawataka mawakala wachangie mfuko wa dhamana, serikali ilikodi ndege ikawarudisha kwao. Hoteli za Baleari hazikuwa na bahati hiyo: nyingi zilikuwa zimewalisha wageni majira yote ya kiangazi kwa ahadi ya kulipwa baadaye, zikabaki na karatasi mikononi.

Hayo hayako mbali nasi. Hoteli za Diani na Watamu nchini Kenya, na za pwani ya mashariki ya Unguja, nazo huuza vyumba kwa mtindo huu huu, na wakazi wa Afrika Mashariki mara nyingi hupewa bei yao. Jamaa inayokusudia kwenda, au inayoalikwa na ndugu walioko Ulaya, yafaa iulize kwanza ni nini kisichomo. Huko Mallorca, mathalani, uko ushuru wa serikali kwa kila usiku, ulioanza Julai 2016 na kufika euro 4 katika hoteli za juu mwaka 2018. Watoto walio chini ya miaka 16 hawatozwi. Vinywaji kutoka nje, matembezi na sanduku la kuwekea fedha huweza kuwa juu yako. Uliza baa hufungwa saa ngapi, na kama chakula kipo kwa mgeni anayefika usiku wa manane. Ni nani atakayekurudisha wakala akifilisika? Hilo nalo liulizwe kabla ya kulipa. Ulizeni pia mtoto huhesabiwa mtu mzima akiwa na miaka mingapi, kwani katika karatasi za hoteli nyingine kijana wa miaka 12 amekwisha kuwa baba wa nyumba, na bei yake ni kama ya baba yake. Stakabadhi na iandikwe majina ya wote watakaosafiri, hata ya yule anayebebwa mgongoni.