Viraka vya zamani kwenye hesabu za ushirika visihamishwe ovyo

Vyama vingi vya ushirika na wauzaji wa pembejeo walinunua programu za uhasibu kama QuickBooks, Tally au Pastel miaka mingi iliyopita, kisha wakamwita fundi azirekebishe zilingane na kazi yao. Programu iliyotengenezewa duka la mjini haikujua kukata deni la chakula cha ng'ombe kwenye malipo ya maziwa. Fundi akaongeza kiraka chake, mkulima akalipwa sawasawa.

Viraka hivyo sasa vimezeeka. Serikali ya Kenya ilipopunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, kisha ikairejesha 16 Januari 2021, waliokuwa na kiwango hicho kimeandikwa ndani ya kila kiraka walilazimika kuvifungua vyote mara mbili. Aliyesahau kimoja alitoza wateja ushuru usiofaa.

Mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS, umeongeza mzigo. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi ya mapato, isipokuwa zilizosamehewa. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, anayenunua kwa mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka hutakiwa kuitoa ankara yeye mwenyewe. Kiraka cha mwaka wa 2005 hakijui lolote kuhusu hayo.

Meneja akibanwa, hununua toleo jipya na kuagiza viraka vyote vihamishwe jinsi vilivyo. Ni kosa. Kuna vilivyoandikwa kabla ya M-Pesa kuanza mwaka wa 2007, vikidhani kila mtu atalipwa kwa hundi au pesa taslimu. Kuna vingine ambavyo vilikuwa matakwa ya karani aliyekwisha kustaafu. Kuvihamisha ni kulipia takataka mara ya pili.

Vinavyostahili kubaki ni vinavyogusa pesa za mkulima: makato ya mkopo, bei ya lita, salio lake. Hivyo viandikwe upya, na kila kimoja kielezwe kwenye karatasi kwa lugha ambayo mweka hazina anaielewa. Mkataba nao useme wazi kwamba kazi hiyo ni mali ya chama. Fundi anayeondoka na ufunguo kichwani ameshachelewesha malipo mengi vijijini.

Aidha, mfumo wa zamani usizimwe siku ile mpya unapowashwa. Iendeshwe pamoja kwa miezi miwili ya malipo, na hati za wakulima zilinganishwe moja moja. Senti 50 kwa lita huonekana ndogo, lakini kwa anayepeleka lita 10 kila siku ni Sh150 kwa mwezi. Wakiwa wakulima 2,000, ni Sh300,000, na wanachama wana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu ni nani aliyezihesabu.