Nani Alibadilisha, Lini, na kwa Idhini ya Nani?

Katika ofisi zetu za umma imezuka sentensi moja iliyopata hadhi ya hukumu isiyokatiwa rufaa: "Mfumo unasumbua." Mstaafu anayefuatilia mafao yake huambiwa hivyo. Mwanafunzi ambaye alama zake hazionekani huambiwa hivyo. Mfanyabiashara aliyelipa kodi na malipo yake yasisomeke huambiwa hivyo, kisha huombwa arudi kesho. Sentensi hiyo hufunga mjadala kwa sababu haina mtendaji. Huufanya mfumo uonekane kama mvua ya masika, jambo ambalo binadamu hana la kulifanyia ila kusubiri lipite.

Dai langu katika makala haya ni kwamba sentensi hiyo ni ya kisiasa kabla ya kuwa ya kiufundi. Umeme hukatika na vifaa huharibika, hilo halina ubishi. Lakini mfumo uliofanya kazi vizuri jana na leo umegoma, mara nyingi umeguswa na mkono wa mtu: ameongeza kitu, amefuta kitu, au amesimika toleo jipya mahali pamoja akasahau pengine. Kwa hiyo swali la kwanza, kwa fundi na kwa mwananchi, ni lile lile: nani alibadilisha, lini, na kwa idhini ya nani? Taasisi isiyoweza kulijibu ina tatizo la utawala, hata kama kompyuta zake ni mpya.

Mtumishi wa umma aliyelelewa masjala atanielewa upesi. Jalada lina namba. Kila barua inayoingia hupewa namba ya folio. Dokezo huandikwa, husainiwa na kutiwa tarehe. Afisa hawezi kuchomoa folio ya 14 bila ya 13 na ya 15 kumsuta. Utaratibu huo, ambao vijana wengi huuona wa kizee, ndio ambao waandishi wa programu walilazimika kuubuni upya kwa lugha yao.

Programu, kwa asili yake, ni maandishi. Huitwa msimbo, na huandikwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Pasipo utaratibu, mmoja hufuta kazi ya mwenzake bila kujua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao nimesimamia miradi yao hunipa ushahidi wa jambo hili kila mwaka: folda iitwayo "Mradi_Mwisho", nyingine "Mradi_Mwisho_Kabisa", na ya tatu "Mradi_Mwisho_Kabisa_2", zote zikisafiri kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu. Nikiuliza ipi ndiyo inayofanya kazi, kundi zima hutazamana.

Chombo cha kuondoa fujo hiyo kipo, na ni cha bure. Linus Torvalds alianza kuandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo chombo walichokuwa wakikitegemea kiitwacho BitKeeper. Git ni daftari la mabadiliko. Kila badiliko huingizwa likiwa na jina la mwandishi, tarehe, maelezo mafupi ya sababu, na mistari yenyewe iliyoongezwa au kuondolewa. Kila ingizo hupewa alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya ingizo lililotangulia. Ukibadilisha kwa siri ingizo la mwaka juzi, alama zote zilizofuata hubadilika, na kila mwenye nakala ya daftari ataona kwamba hazilingani na zake. Ni folio zilizoshonwa kwa uzi usiofichika ukikatwa.

Jambo jingine ambalo wageni wa chombo hiki hulalamikia ni mgongano. Watu wawili wakibadilisha mstari mmoja kwa namna tofauti, Git hukataa kuchagua. Husimamisha kazi na kuwataka wahusika wakae waamue. Wanafunzi huchukulia hilo kuwa hitilafu. Mimi naliona kuwa adabu. Chombo kingeweza kumpa ushindi aliyewahi au aliyechelewa, lakini kimetambua kwamba tofauti ya watu humalizwa na watu, na kwamba uamuzi wao nao utaandikwa.

Hata hivyo, kuwa na daftari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba kilichomo daftarini ndicho kinachoendeshwa kwenye seva zinazomhudumia mwananchi. Hapa ndipo wakubwa huanguka, na mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa kampuni ya Marekani ya Knight Capital.

Kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa hisa nchini humo. Ilijiandaa kwa huduma mpya ya Soko la Hisa la New York iliyoanza tarehe 1 Agosti 2012. Msimbo mpya ulisimikwa siku chache kabla, ukikusudiwa kuchukua nafasi ya msimbo wa zamani ulioitwa Power Peg, ambao haukuwa umetumika tangu 2003 lakini haukuwahi kuondolewa. Seva zilikuwa nane. Fundi alisimika msimbo mpya kwenye saba. Ya nane ilisahaulika. Hakukuwa na fundi wa pili wa kuhakiki, na hakukuwa na maandishi yaliyomtaka mtu wa pili ahakiki. Pia, msimbo mpya uliamshwa kwa swichi ile ile ambayo zamani iliamsha Power Peg.

Soko lilipofunguliwa asubuhi, seva saba zilitii amri mpya. Ya nane ilifufua maiti. Power Peg ilianza kutuma maagizo ya kununua na kuuza bila kukoma, kwa kuwa kipengele kilichokuwa kikiiambia "sasa imetosha" kilikuwa kimehamishwa mwaka 2005 bila kujaribiwa upya. Kwa muda wa kama dakika 45, maagizo 212 ya wateja yalizaa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460, na mwaka uliofuata Knight ikaunganishwa na kampuni nyingine.

Mafundisho mawili ya mkasa huo hayatajwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba onyo lilikuwepo. Kabla soko halijafunguliwa, mifumo ya kampuni ilituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu ya Power Peg. Barua hizo hazikuwa zimekusudiwa kuwa tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi. Taarifa isiyo na mwenyewe ni sawa na barua isiyo na folio: imefika, lakini haijapokewa.

La pili ni namna walivyotafuta tiba. Katika taharuki, mafundi waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Kwa kufanya hivyo waliziacha nazo na Power Peg, na maradhi ya seva moja yakawa ya nane. Fundi hodari asiyejua ni toleo lipi linaendeshwa wapi ni kama tabibu anayekata mguu kabla ya kuuliza ni upi unaouma. Utaratibu wa kutafuta hitilafu haupaswi kuanza kwa kugusa. Huanza kwa kuuliza kila seva: wewe unaendesha ingizo lipi? Kisha hulinganishwa na daftari. Kisha huulizwa: ni nini kilichobadilika tangu mara ya mwisho mambo yalipokuwa sawa? Ndipo hurudishwa toleo linalojulikana kuwa zima, kwa njia iliyokwisha kufanyiwa mazoezi siku ya utulivu. Mwezi Oktoba 2013, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji na dhamana iliitoza kampuni hiyo dola milioni 12, na ilichokihukumu hasa ni kukosekana kwa taratibu za namna hii.

Knight ilipoteza fedha zake yenyewe. Pale ambapo mfumo unashikilia maisha ya watu wanyonge, bei hulipwa na wengine. Nchini Uingereza, Shirika la Posta lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vya posta walishtakiwa kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, kwa ushahidi wa upungufu ulioonyeshwa na mfumo huo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Kwa miaka mingi shirika lilisisitiza kwamba hakuna mtu wa mbali awezaye kugusa hesabu za kituo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kweli kubadilisha takwimu za kituo kutoka mbali. Mwaka 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hatia hizo kwa jumla.

Tazameni muundo wa dhuluma ile. Aliyeweza kubadilisha hakuulizwa. Asiyeweza kubadilisha ndiye aliyefungwa. Daftari la mabadiliko lilikuwa mikononi mwa mwenye nguvu, na mshtakiwa hakuwa na njia ya kulisoma. Isitoshe, mwaka 1999 Bunge la nchi hiyo lilikuwa limepitisha kufutwa kwa kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilifanya kazi ipasavyo. Tangu hapo mashine ilidhaniwa kuwa mkweli, na binadamu akabaki na mzigo wa kujisafisha.

Karibu na kwetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilionyesha njia tofauti. Katika shauri la uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti 2017, mahakama iliamuru tume ya uchaguzi ifungue sehemu za seva na kumbukumbu zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu, na mahakama ililihesabu jambo hilo dhidi yake ilipobatilisha matokeo tarehe 1 Septemba. Kanuni iliyomo humo ni kubwa kuliko uchaguzi mmoja: anayeshika kumbukumbu akikataa kuzionyesha, hana haki ya kudai aaminiwe.

Nazijua hoja zinazopinga. Husemwa kwamba hatuna fedha, lakini chombo chenyewe ni cha bure na kinachohitajika ni nidhamu. Husemwa kwamba mifumo ya serikali ina siri. Ni kweli, lakini hata masjala ya siri ina rejesta; siri humzuia asiyehusika kusoma, haimpi mhusika ruhusa ya kutoandika. Hoja nzito zaidi ni kwamba daftari ni minofu mitupu ikiwa waandishi wake si waaminifu. Hiyo naikubali. Idara nzima ikitumia akaunti moja na nywila moja, jina linaloandikwa ni la kila mtu na la yeyote. Na mwenye mamlaka makubwa juu ya hazina ya msimbo anaweza kuiandika historia upya na kuwalazimisha wengine waichukue hiyo. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa mafundi peke yao. Linahitaji kanuni, mikataba na ukaguzi.

Tanzania tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na mamlaka ya kuisimamia. Ndani ya mfumo huo wa kisheria, na katika mifumo ya kisheria ya jirani zetu, ningependa tudai mambo manne. Kwanza, mkataba wowote wa kutengenezewa mfumo kwa fedha za umma uitake kampuni ikabidhi msimbo pamoja na historia yake yote tangu ingizo la kwanza, kwani msimbo usio na historia ni jalada lililonyofolewa madokezo. Pili, badiliko lolote la mfumo unaohudumia wananchi lipite kwa watu wawili, kama hati ya malipo inavyopita kwa mwandaaji na mwidhinishaji. Tatu, kila seva iweze kutaja toleo inaloendesha, na mkaguzi wa hesabu za umma awe na haki ya kulilinganisha na daftari. Nne, mwananchi anayetuhumiwa kwa takwimu za mfumo, awe karani, mhasibu au wakala, apewe kumbukumbu za mabadiliko yaliyoigusa akaunti yake kabla hajaadhibiwa.

Kwa wanafunzi wangu nasema: andikeni sababu ya kila badiliko kana kwamba itasomwa mahakamani, maana huenda ikasomwa. Kwa wanaharakati: mnapodai nyaraka za bajeti na mikataba, ongezeni dai la kumbukumbu za mifumo, kwa kuwa maamuzi mengi yamehama kutoka kwenye karatasi. Na kwa watumishi wa umma walioko kaunta: mnapolazimika kumwambia mama aliyesafiri tangu alfajiri kwamba mfumo unasumbua, ulizeni nanyi, kwa maandishi, kilichobadilika. Karani asiyeuliza leo ndiye atakayeonyeshwa kidole kesho, na mfumo hautasimama kumtetea.