Lamu ya kuta na Lamu ya maji

Mji Mkongwe wa Lamu una ukubwa wa hekta 16 hivi. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa kuutambua kuwa mji wa Waswahili wa zamani zaidi na uliohifadhika vizuri zaidi Afrika Mashariki, na, jambo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa watu wangali wanaishi ndani yake. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 imeyapa Makumbusho ya Taifa mamlaka juu ya majengo ya kale. Mwenye nyumba Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe, hawezi kuibomoa, kuiongeza ghorofa wala kubadili sura yake ya mbele kama apendavyo. Kwa kiasi kikubwa ulinzi huo umefaulu. Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ikatumika kama jela hadi miaka ya 1980, leo ni makumbusho na ukumbi wa shughuli za mji; milango ya nakshi ingali mahali pake; vichochoro vingali vyembamba.

Ila vitu vinavyouweka mji huo hai haviko ndani ya hekta hizo 16. Maji yanatoka kwenye mchanga wa kijiji cha Shela, boriti zinatoka kwenye mikoko ya bara na visiwa jirani, kitoweo kinatoka kwenye ghuba ya Manda na mikono yake ya bahari. Huko ulinzi umegawanyika kati ya ofisi nyingi: misitu, maji, ardhi, bandari, mazingira, kaunti. Kila moja ina sheria yake na ramani yake. Lamu imewekewa ngao kwenye kuta na kuachwa wazi kwenye visima vyake, na kosa hilo la mpangilio ndilo linaloeleza migogoro mingi ya kisiwa kwa miaka 20 iliyopita.

Nyumba yenyewe ni ushahidi. Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki upana wa mita tatu kwa usalama, kwa hivyo vyumba vyote ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: daka mlangoni, kiwanda, yaani ua, katikati, kisha misana, kisha chumba kiitwacho ndani, ambako ukuta wa vidaka hupambwa kwa plasta iliyochongwa. Pale familia mbili zilizokaribiana kwa damu zilipotaka kuunganishwa, lilijengwa wikio juu ya njia, ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Usanifu wote huu umepimwa kwa urefu wa mti mmoja wa baharini. Anayetaka nyumba hizi zidumu hana budi kujali upatikanaji wa mti huo, kwa sababu boriti huliwa na wadudu na huoza kwa unyevu, na dari isiyobadilishiwa boriti kwa wakati hushuka pamoja na ghorofa iliyo juu yake.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ukataji wake ni kazi ya kale, yenye istilahi zake. Miti huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba mizigo hiyo hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu, mpaka serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa nje mwaka 1982. Tangu hapo soko limebaki la ndani. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchi nzima, na amri iliyotungwa kwa kufikiria misitu ya milimani na mito inayokauka ikawaangukia pia wakataji wa Pate, Ndau na Kizingitini, ambao wengi wao hawana shamba wala mshahara. Baadaye ukataji wa leseni uliruhusiwa tena Lamu. Kwa miezi hiyo yote, familia zilizokuwa zikila kwa shoka zilikaa bila kazi, huku nyumba za mji wa urithi zikikosa boriti za kukarabatiwa. Hakuna ofisi iliyotakiwa kuyaangalia mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mikoko, kwa hakika, haihitaji kuachwa bila kuguswa. Mkoko na mkandaa huvunwa vizuri pale mkataji anapochagua unene unaotakiwa na kuacha miti mama ya kutoa mbegu. Linaloharibu ni ukataji wa kusafisha eneo zima, pamoja na kuzibwa kwa njia za maji kujaa na kupwa. Mkataji wa leseni anaweza kufuatiliwa kwa korja zake. Mradi mkubwa wa ujenzi hufuta ekari kwa ekari kwa kibali kimoja.

Suala la maji ni zito zaidi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kisiwa hakina mto. Mvua ya masika na vuli hunywewa na vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya Shela, ikachujwa polepole mpaka ikatua chini kama tabaka la maji matamu lililoelea juu ya maji ya bahari. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, ndiyo maana hayazami wala hayachanganyiki haraka. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa maji ya chini ya ardhi, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita kama 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wa pili: usawa wa maji kisimani ukishuka kwa sentimita 10 tu na kubaki hapo, mpaka wa chumvi huweza kupanda kwa mita nne. Kisima kinachovutwa kupita kiasi hakikauki. Huendelea kutoa maji, ila maji yale huwa ya chumvi, na kuyarudisha matamu huchukua misimu mingi ya mvua.

Visima vya ndani ya mji haviwezi kuchukua nafasi ya Shela. Hapo zamani kila msikiti na nyumba nyingi za mawe zilikuwa na kisima chao, na vingine vingalipo. Lakini mji umejaa, vyoo vya shimo vimekaribiana na visima, na maji machafu hutiririka kwenye mitaro inayoteremka hadi baharini. Kwa hiyo mji unategemea bomba linalotoka kwenye visima vya mchangani. Visiwa vya jirani, ambavyo havina vilima kama hivyo, vimeishi kwa jabia, matangi makubwa ya kukinga maji ya mvua, na ukame ukirefuka jabia hukauka na maji huletwa kwa vyombo.

Mchanga huo huo ndio unaotamaniwa na wanunuzi wa viwanja. Shela imekuwa kijiji cha mahoteli na majumba ya likizo, na kilima chenye mandhari ya bahari kina bei. Migogoro ya hati miliki juu ya vilima imeendelea kwa miaka mingi. Nyumba moja juu ya mchanga huonekana haina dhara. Sakafu yake, hata hivyo, huzuia mvua kuingia, shimo lake la maji machafu hupitisha uchafu moja kwa moja hadi kwenye tabaka la maji bila kuchujwa na mchanga, na bwawa lake la kuogelea hujazwa kutoka kisima kile kile. Mwenye nyumba ya mawe Mkomani anahitaji ruhusa kubadilisha dirisha. Ingekuwa busara anayetaka kumwaga zege juu ya maji ya mji wote akabiliwe na masharti makali zaidi ya hayo, si mepesi.

Kuhusu vichochoro, kuna machache ya kusema. Punda ndiye mchukuzi wa Lamu: saruji, mchanga, magunia ya unga, boriti, taka. Idadi yao kisiwani huhesabiwa kwa maelfu, na tangu 1987 kuna zahanati ya punda ukingoni mwa bahari, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary. Pikipiki zimeongezeka, hasa nje ya mji mkongwe, na vijana wanaoziendesha wanaonekana kama wavamizi wa urithi. Lawama hiyo ni nusu ya haki. Mgonjwa au mjamzito anayetoka vijiji vya Matondoni au Kipungani anahitaji kufika hospitali upesi. Kinachotakiwa ni mahali pa pikipiki kuishia, si marufuku ya jumla wala ruhusa ya jumla.

Ulinzi wa kuta una kasoro nyingine: umependelea upande mmoja wa mji. Mkomani, kaskazini, ndiko kwenye majumba ya mawe ya koo za kale, na ndiko kunakopigwa picha. Langoni, kusini, kulikuwa na nyumba za makuti za wageni, wavuvi, wachukuzi na waliokuwa watumwa. Hata hivyo tukio kubwa la mwaka mjini, Maulidi, lilizaliwa huko. Habib Swaleh Jamalilleyl, sharifu aliyetoka Ngazija, alikaa na watu wa Langoni, akawafundisha dini waliokuwa hawakaribishwi kwenye darasa za wakubwa, na akaruhusu matari katika kisomo, jambo lililowaudhi baadhi ya wanazuoni wa wakati wake. Alifariki mwaka 1935. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, umekuwa chuo kinachovuta wanafunzi kutoka pwani nzima na nje yake. Kila mwaka wageni hujaa mjini kwa zefe, goma na mashindano ya mashua. Urithi huo haukutegemea mawe hata kidogo. Ulitegemea watu maskini kuwa na mahali pa kukaa mjini.

Mahali hapo panapungua. Nyumba kubwa ya mawe hurithiwa na watu wengi kwa hesabu ya mirathi, kila mmoja na fungu lake, na hakuna mmoja anayeweza kulipia chokaa, fundi na boriti. Njia rahisi ni kuuza. Mnunuzi mara nyingi ni mgeni mwenye uwezo, ambaye huitengeneza nyumba vizuri kuliko ilivyowahi kutengenezwa, kisha huifunga sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta unapona, mtaa unapoteza jirani. Sheria ya turathi haina neno juu ya hilo, na pengine haiwezi kuwa nalo. Mfuko wa mikopo ya ukarabati kwa warithi wanaoishi humo ungesaidia kuliko onyo lolote.

Baharini ndiko tofauti kati ya Lamu hizo mbili ilipojitokeza mahakamani. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, wenye bandari mpya Magogoni, upande wa bara, ukingoni mwa ghuba ya Manda. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Magati matatu yaliyojengwa yana kina cha mita 17.5, na kina hicho kilipatikana kwa kuchimba sakafu ya bahari ambayo ilikuwa mahali pa nyasi, matumbawe, kaa na samaki.

Mwezi wa Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi huo, na kwamba haki zao za mazingira, za utamaduni na za kujipatia riziki zilikiukwa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uzito wa hukumu hiyo uko katika neno utamaduni: mahakama ilikubali kwamba uvuvi wa Lamu ni sehemu ya urithi, kama ilivyo milango ya nakshi. Malipo yalivutwa kwa miaka, na baada ya mazungumzo pande husika zilikubaliana sehemu ilipwe taslimu na sehemu kwa vifaa vya uvuvi.

Mradi mwingine ulikutana na mwisho tofauti. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Mazingira la Kitaifa lilifuta leseni yake, hasa kwa sababu wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuijadili ripoti ya athari. Kesi zote mbili zilisimama juu ya kasoro ile ile ya ushirikishwaji. Makaa yalizuiwa kabla ya kuchimbwa msingi. Kwa bandari, hukumu ilikuja wakati mitambo ya ujenzi ilikwisha kuanza kazi, na kilichobaki cha kugawanywa kilikuwa pesa.

Pesa hizo nazo zina tatizo la hesabu. Mvuvi wa Lamu hufanya kazi kwa misimu miwili. Kaskazi inapovuma, bahari ya nje hutulia na vyombo huvuka mwamba. Kusi inapoingia, mawimbi huifunga bahari hiyo kwa madau na mashua ndogo, na uvuvi hurudi ndani: ghubani, kwenye mikono ya bahari, kwenye mkondo wa Mkanda. Maeneo hayo ya ndani ndiyo yaliyochimbwa na ndiyo njia ya meli sasa. Injini na nyavu za bahari kuu zinamwongezea mvuvi nguvu katika msimu ambao hakuwa na shida kubwa. Fidia iliyokusudiwa kurudisha riziki ilipaswa kupimwa kwa miezi ya kusi, kwa mtu mmoja mmoja na kwa mahali alipokuwa akivua, na hiyo ndiyo hesabu inayopaswa kutangulia kabla ya gati la nne.