Ukurasa wa Vijana: Kuchoma CD kwa Linux, na Amana Iliyomo

Katika nyumba za Waislamu huko Shinyanga, Kahama na Geita zingalimo kanda za darsa na mawaidha ya masheikh waliokwisha kututangulia mbele ya haki. Kanda hizo zachakaa, na sauti ikishapotea hairudi. Kijana mwenye kompyuta aweza kuwafaa wazee wake kwa kuzirikodi na kuzihamishia katika CD. Mwezi huu twapenda kueleza njia ya kufanya hivyo kwa Linux.

Kwa nini Linux? Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, na tangu 1992 imetolewa kwa sharti limruhusulo kila mtu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenziwe. Programu ya wizi, japokuwa yapatikana kwa bei rahisi, ni mali ya mwenyewe. Wala haipendezi mawaidha kuhifadhiwa kwa chombo cha dhulma. Na Kiswahili si kigeni humo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa lugha yetu.

Sasa kazi yenyewe. Kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa CD. Basi tafuta mashine ya kuchomea ya nje, yenye waya wa USB. Ukiichomeka, Linux huitambua yenyewe, na aghalabu huipa jina /dev/sr0. Ukiambiwa huna ruhusa, mwenye mamlaka ya kompyuta na akutie katika kundi liitwalo cdrom, kisha utoke na uingie tena. Halafu weka programu ya K3b au Brasero.

Njia ni mbili. CD ya sauti husomeka hata katika redio za CD za zamani, lakini huchukua dakika 80 tu. CD ya mafaili ya MP3 huchukua megabaiti 700, yaani darsa za saa 20 na zaidi zikibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Ila redio isiyojua MP3 haitaisoma. Basi mwulize mzee ana redio ya namna gani kabla hujachoma, maana CD-R ikishachomwa haifutiki.

Usichague mwendo wa kasi kupita zote. Tumia kompyuta ya mapajani yenye betri iliyojaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi CD huharibika. Na vumbi la kwetu ni jingi: ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala usizungushe. Usiiache juani.

Kisha ihakiki. Programu hizo zaweza kulinganisha kilichochomwa na cha asili. Usiliache jambo hili kwa haraka. Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono, vidole vikakuta majimaji, akamlaumu mwenye mali kwa kulificha lililolowa chini ya lililo kavu. Kijana auzaye CD ambayo mwanzo wake ni safi na mwisho wake wakwama, bila ya kuihakiki, ajihadhari asifanane na mtu yule. Na darsa ambayo mwenyewe huiuza, iombewe ruhusa kwanza.

Kanda ya asili usiitupe. Irudishe kwa mwenyewe, kwani ni amana. Mwenyezi Mungu awarehemu masheikh wetu, na awajaalie vijana wetu kuwa wahifadhi wema wa elimu yao. Amin.